Mdondo: Tazama Kideri

Nilimwambia hatuna. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu nililisema upesi, nimekaa, wala sikunyanyuka kitini.

Ilikuwa saa tisa na kitu alasiri, wanafunzi wameshatawanyika. Maktaba yetu ni chumba kimoja ndani ya shule ya msingi, pembezoni mwa jiji la Tanga, na jioni huwa wazi kwa mtu yeyote wa kata. Mama mmoja alisimama mlangoni. Alivua kandambili zake nje, akaingia pekupeku, akabaki palepale karibu na kizingiti. Ni mtu mzima kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kama tuna kitabu cha kideri. Kuku wake walikuwa wameanza kusinzia mchana kweupe, mbawa zimelegea, wawili tayari shingo zimepinda. Alikuwa na kuku 27. Alinihesabia: mitetea 15, majogoo 3, waliobaki vifaranga.

Nikatupa jicho kabatini, nikaiona migongo ya vitabu, hakuna hata mmoja ulioandikwa kideri. "Mama, hicho hatuna."

"Haya, ahsante mwalimu." Akavaa kandambili zake, akaenda zake.

Miaka ile mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, na ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa juu ya vipindi vyangu, kama walimu wengi wanavyokabidhiwa. Sikuwa nimesomea ukutubi. Nilikipanga chumba kile kama mtu anavyopanga vyombo sebuleni akitarajia wageni. Vitabu virefu rafu ya chini, vifupi juu. Vyenye majalada mekundu nilivikusanya pamoja, vya bluu pamoja. Wageni wakija walisifu. Mkaguzi mmoja alisimama katikati ya chumba akasema hajaona maktaba ya shule iliyo nadhifu kama ile, na mimi nikaamini kazi yangu nimeifanya.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya namna mbili. Kulikuwa na vile vilivyoletwa kwa makatoni kutoka ng'ambo, vinene, vya Kiingereza, vingi havijawahi kufunguliwa. Halafu kulikuwa na vijitabu vyembamba vya Kiswahili, vya kilimo, afya, ufugaji, malezi, vingine ni mabaki ya enzi za kisomo cha watu wazima, wakati wa kampeni kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kijitabu cha namna hiyo hakina mgongo. Kimekunjwa katikati kikabanwa kwa pini mbili, basi. Ukikisimamisha kwenye rafu hakionekani, na ukikiacha peke yake kinaanguka. Kwa hiyo nilivitumia kama kabari. Kitabu kinene kikianza kuegama, nilichomeka vijitabu viwili vitatu pembeni kikakaa wima.

Masika yalipokuja paa likavuja upande wa dirisha. Nikawa navitoa vitabu kwenye rafu ya chini kuvinusuru, na nilipovuta juzuu moja ya ensaiklopidia kikadondoka kijitabu cha kijani. Jalada limepauka, pini zimeota kutu na kuacha alama mbili za kahawia kwenye karatasi. Nikakifungua palepale nilipochuchumaa. Kilikuwa kinahusu kuku wa kienyeji. Katikati palikuwa na mchoro wa mkono umekishika kichwa cha kuku, na mkono wa pili unadondosha tone la dawa jichoni. Juu ya mchoro pameandikwa: Mdondo. Dalili zake: kuku kusinzia, kuharisha kinyesi cha kijani, mbawa kulegea, shingo kupinda. Ugonjwa huo hauna tiba, kikasema, ila una chanjo. Tone moja la jicho kwa kila kuku aliye mzima, na kurudia kila baada ya miezi mitatu.

Mdondo ndio kideri. Ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili.

Nilikitia mkobani, jioni ile nikaenda kumtafuta yule mama. Nilimkuta uani anachambua mchele. Banda la kuku lilikuwa wazi, kuku wanne wanaparura karibu na jiko. Nikampa kijitabu, nikamwonyesha ukurasa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akausoma kwa sauti ya chini, kidole kikitembea chini ya mstari. Alipofika kwenye shingo kupinda akatulia kidogo.

"Kumbe wao wanaita mdondo," akasema. "Sie hapa ni kideri." Akageuza jalada, akatazama nyuma na mbele. "Kilikuwa wapi, mwalimu?"

Sikuweza kumjibu. Kilikuwa hatua nne kutoka kiti nilichokalia siku ile. Kweli, waliokuwa wamekwisha kuugua kisingewaponya. Lakini kingemwambia awatenge wazima mapema, asiwauze wagonjwa wala kuwagawa kwa majirani, na mizoga aifukie. Vitu hivyo vyote aliviuliza kwa watu, kila mtu akamwambia lake, na wakati huo huo jibu lilikuwa limechapwa kwa lugha yake, nami nimelifanya kabari.

Hapo ndipo nilipoanza kubadilika, na wala haikuwa kwa siku moja. Kwanza nilikasirika na paa, nikakasirika na wingi wa vipindi, nikakasirika na waliotuletea makatoni ya vitabu ambavyo hakuna aliyeviomba. Hasira zilipokwisha nilibaki na swali la yule mama. Mwaka uliofuata nikaomba ruhusa, nikaenda Bagamoyo kusomea cheti cha ukutubi.

Nilidhani nitafundishwa kutunza vitabu: vumbi, mchwa, gundi, kushona majalada. Hayo yalikuwepo. Lakini saa nyingi tulizitumia kwenye jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja, yaani kukishika kitabu mkononi na kuamua kinahusu nini. Mwalimu wetu alikuwa anaziba jina la kitabu kwa karatasi. Anatupa dakika 10: soma yaliyomo, soma dibaji, fungua sura ya kwanza na ya mwisho, kisha sema kitabu hiki kitaulizwa na nani, na ataulizaje. Alirudia sehemu ya mwisho mpaka tukaizoea. Ataulizaje.

Aliziba majina kwa sababu majina yanapotosha, na vitabu vyetu vya Kiswahili ni mabingwa wa jambo hilo. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed haina habari za anga. Kiu yake vilevile haihusu maji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni hadithi ya upelelezi, ya Bwana Msa, wala si kitabu cha mila na matambiko. Kuli ya Adam Shafi inazungumzia wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao, lakini ni riwaya. Ukiiweka kwenye sheria za kazi, anayetafuta riwaya hataifikia na anayetafuta sheria atakuwa amepotezewa muda. Mwanafunzi mwenzetu mmoja aliiweka Kusadikika kwenye dini, kwa sababu ya neno kusadiki. Hatukumcheka. Kila mmoja wetu alikuwa na kosa la namna hiyo mezani kwake.

Halafu tukafundishwa namba. Mwaka 1876 kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 24, Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maktaba ya Amherst College, alichapisha kijitabu cha kurasa 44. Aliyagawa maarifa yote mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900: ya jumla, falsafa, dini, sayansi ya jamii, lugha, sayansi, teknolojia, sanaa, fasihi, historia na jiografia. Kila fungu likagawika mara 10 tena, na kila tawi mara 10 tena, kisha ikaja nukta na desimali zikaendelea bila kikomo. Kwa mwalimu wa hisabati hii ilikuwa kama kukaribishwa nyumbani. 600 ni teknolojia, 630 ni kilimo, 636 ni mifugo, 636.5 ni kuku na ndege wengine wa kufugwa. Nililiandika hilo la mwisho kwenye daftari langu nikalipigia mstari mara mbili. Kijitabu cha kijani kilikuwa na anwani tangu kilipozaliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika.

Kuna Mhindi mmoja ambaye tulimsoma kwa muda mfupi tu, ila mimi nilikaa naye zaidi kuliko wengine: S. R. Ranganathan. Naye alikuwa mwalimu wa hisabati, huko Madras, mwaka 1924 akapewa maktaba ya chuo kikuu. Mwaka 1931 akaandika sheria tano za ukutubi. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Ya nne inamtaka mkutubi aokoe muda wa msomaji. Nilipoisoma ile ya nne nilimwona yule mama kaingia pekupeku, na kuku wake 27.

Niliporudi Tanga nilingoja likizo. Tukatandika mikeka kwenye baraza ya shule, mimi na wanafunzi sita wa darasa la sita, tukavitoa vitabu vyote nje. Chumba kikabaki kitupu, rafu zina alama za vumbi zinazoonyesha urefu wa kila kitabu kilipokuwa kimesimama. Nakiri niliona uchungu kidogo kuivunja kazi ile iliyosifiwa.

Tulianza na mafungu 10 juu ya mikeka. Watoto walikuwa wepesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa hawakuwa na mazoea ya kuondoa. Pagumu palikuwa kwenye desimali. Mbuzi ni 636.39 na kuku ni 636.5, na kila mtoto aliwaweka mbuzi baada ya kuku, kwa sababu 39 ni kubwa kuliko 5. Nilikuwa nimefundisha desimali miaka mingi kwa ubao na chaki, watoto wakifaulu mtihani na kusahau. Pale mkekani tuliongeza sifuri: 636.39 na 636.50, haya, nani anatangulia? Msichana mmoja akachukua mbuzi wake akawahamisha kimya kimya, na tangu siku hiyo hakukosea tena, wala hakuvumilia wengine wakose.

Siku ya pili kikatokea kitabu cha mikoko. Mtoto mmoja alisema ni mimea, kipelekwe kwenye sayansi. Mwingine, baba yake mvuvi, akasema mikoko ndiyo mazalia ya samaki na kamba, kiende kwenye uvuvi. Wa tatu akasema kwao mikoko ni boriti za kujengea. Wote walikuwa sawasawa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hapo nikapata nafasi ya kuwaeleza jambo ambalo ndilo moyo wa kazi hii: kitabu ni kimoja, kitasimama mahali pamoja tu, lakini kadi zake katika droo zinaweza kuwa nyingi kadiri ya watu watakaokiuliza. Tukakiweka kwenye misitu. Kisha tukakiandikia kadi nne: Mikoko; Samaki, mazalia; Boriti; Pwani, mazingira. Kila kadi inamwelekeza msomaji kwenye rafu moja, ila kila mmoja anaingia kwa mlango wake.

Fundi seremala wa jirani alitutengenezea kabati la droo nane kwa mbao za makreti. Katika kuzijaza droo hizo nilijifunza jambo ambalo Bagamoyo tulilipita upesi, na ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kumfundisha mtu, kwa sababu ni la Kiswahili chenyewe. Nilianza kuandika vichwa vya mada kama vinavyoandikwa kwenye ripoti: Ufugaji wa kuku. Ufugaji wa nyuki. Ukulima wa mihogo. Uvuvi. Ushonaji. Useremala. Uzazi wa mpango. Baada ya wiki mbili droo ya U haikufunga. K ilikuwa na nafasi tele, M imeanza kuelemewa na Magonjwa na Malezi na Matumizi, na U imefurika. Nikajiuliza ni nani katika kata hii anayeingia mlangoni akasema naomba ufugaji. Mtu anasema kuku. Anasema nyuki, muhogo, cherehani, mimba. Kinachomkaa mtu moyoni ni kile kitu chenyewe. Lile neno refu la U ni letu sisi tulioketi nyuma ya meza. Nikazitoa kadi, nikageuza: Kuku, ufugaji. Nyuki, ufugaji. Muhogo, kilimo. Kazi ya wiki tatu, kwa mkono, na siijutii hata saa moja.

Majina ya watu yalinipa shida ya namna nyingine. Kanuni za kimataifa zinataka jina la ukoo litangulie, na kwa hiyo kwenye katalogi nyingi za ulimwengu Shaaban Robert anaandikwa Robert, Shaaban. Huyu alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Robert ni jina la baba yake. Hakuna mtu Tanga, wala Mombasa, wala Unguja, atakayekuja kuuliza vitabu vya Robert. Kwa upande wa pili, Kezilahabi kila mtu anamwita Kezilahabi, na wachache wanakumbuka Euphrase. Penina Muhando baadaye aliandika kwa jina la Penina Mlama, na msomaji anayejua moja hajui la pili. Niliamua kufuata kinywa cha msomaji. Kadi kubwa ya Shaaban Robert ipo kwenye S, na kwenye R kuna kadi ndogo: Robert, Shaaban; tazama Shaaban Robert. Kwa namna hiyo aliyesomea kwingine naye hapotei. Neno tazama ndilo neno ninalolipenda kuliko yote katika ukutubi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua zaidi, maana hapa mabadiliko yangu yalikuwa ya ndani, wala hayakuonekana kwenye rafu.

Nilirudi kutoka Bagamoyo nikiiheshimu namba ya Dewey kama jedwali la kuzidisha. Halafu nikaanza kubandika lebo kwenye fasihi. Riwaya ya Kiingereza ni 823. Tarakimu tatu, inaenea kwenye mgongo wa kitabu chembamba kuliko vyote. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923. Tarakimu saba, kwenye vitabu vyetu vyembamba, nami nakunja lebo mara mbili. Lugha ya Kiingereza 420; Kiswahili 496.392. Nikawa nabandika na kujiuliza: katika chumba hiki, ambamo Kiswahili ndicho kinachosomwa, kwa nini kiwe ndicho kilicho mbali kuliko vyote?

Wiki hiyo hiyo mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, alikuja kutafuta kitabu cha fiqhi. Alipita mbele ya rafu ya dini polepole, anasoma lebo. 220, 230, 240, 250, mpaka 280, zote Ukristo. Uislamu upo 297. Biblia ina 220 nzima na matawi yake. Qur'ani ni 297.122. Dini za jadi za Kiafrika zipo 299.6. Mzee hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, hizi hesabu kapanga nani?"

Nilimweleza. Kapanga mtu wa Marekani, zaidi ya karne moja iliyopita, akitazama vitabu vilivyojaa kwenye maktaba ya chuo chake na watu waliovisoma. Alivyoviona vingi alivipa nafasi kubwa, vya mbali akavibana mwishoni. Na wakati namweleza nikawa nasikia maneno yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Namba zile si jedwali la kuzidisha. Tano mara tano ni 25 kila mahali, lakini kuamua nani apewe fungu zima na nani apewe nukta ni kazi ya mtu, na mtu ana macho ya kwao.

Nilikumbuka habari ya Dorothy Porter, mkutubi mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, aliyekabidhiwa mkusanyiko wa vitabu vya watu weusi mwaka 1930. Aliwakuta wenzake wanaviweka vitabu vya watu weusi kwenye namba mbili, 325 ya ukoloni na uhamiaji, na 326 ya utumwa. Hata mashairi, kwa kuwa tu mshairi ni mweusi. Yeye akakataa. Shairi akaliweka na mashairi, historia na historia. Alikuwa mtu mmoja, ofisini, na kadi mkononi, na alilolifanya ni kumrudishia mshairi ushairi wake.

Sikuitupa Dewey. Nawaambia hili walimu wenzangu wanaoniuliza, maana wapo wanaotaka tuanze upya kabisa. Mtoto wangu wa darasa la sita akifika siku moja Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ataikuta 636.5 pale pale inapostahili na hatahitaji kumuuliza mtu. Hilo ni jambo kubwa, sitaki kumnyima. Lakini Dewey yenyewe inatoa ruhusa: maktaba inayotaka kuipa fasihi ya lugha yake namba fupi na nafasi ya mbele inaweza kutia herufi. Nilikuwa nimeisoma ruhusa hiyo Bagamoyo nikaipita. Sasa ushairi wetu ni 8K1, tamthilia 8K2, riwaya 8K3, na fungu la fasihi linaanza kwa Kiswahili, kabla ya lugha nyingine zote. Namba ndefu nimeiandika kwa penseli ndani ya jalada. Kwenye dini nimeziacha namba, ila juu ya rafu nimetundika vibao vya mbao vyenye herufi za ukubwa mmoja: UISLAMU, UKRISTO, DINI ZA JADI. Mzee aliporudi alivisoma vyote vitatu, akaenda moja kwa moja kwenye kitabu chake.

Vijitabu visivyo na mgongo nimevitengenezea maboksi ya katoni, nimeyakata upande, na mbele ya kila boksi kuna jina na namba. Haya ndiyo maboksi yanayochakaa haraka kuliko kitu chochote chumbani. Vitabu vinene vya ng'ambo bado vipo, vina lebo zao na kadi zao, na vingine vimepata wasomaji. Mvulana mmoja wa sekondari alikiazima cha injini za boti mpaka nikamwambia akae nacho.

Siku hizi tuna kompyuta moja, na kijana wa mazoezi ya kazi ametusaidia kuingiza sehemu ya katalogi. Siku ya kwanza alinionyesha namna ya kutafuta. Nikamwambia aandike kideri. Kompyuta ikajibu hakuna kilichopatikana. Akaandika mdondo, kijitabu kikatokea. Akanitazama kwa furaha kwamba mashine inafanya kazi. Mimi nilisikia sauti yangu ya miaka ile: hatuna. Kompyuta ilikuwa imekaa kitini kama nilivyokaa mimi, haikunyanyuka. Tulitumia siku ile nzima kuiingizia maneno ya tazama, moja baada ya jingine, kutoka kwenye kadi. Kifafa na dege la watoto, tazama kote kuwili, maana aliyeambiwa mtoto wake ana dege hatauliza kifafa.

Kijana aliniuliza kama sasa tulitoe kabati la kadi, linakula nafasi. Nikamwambia tuliache kwanza. Umeme hukatika, na wazee wengine wanapenda kufungua droo wenyewe. Sababu ya tatu sikumwambia, nikamfungulia droo ya K aione.

Kuna kadi pale niliyoiandika siku ile niliporudi kutoka uani kwa yule mama, kabla sijaenda Bagamoyo, kabla sijajua kadi inaandikwaje. Nilikata kipande cha jalada la daftari. Kwa mwandiko wangu wa ubaoni imeandikwa: Kuku kusinzia, mbawa kulegea, shingo kupinda, tazama Kideri. Ni maneno yake kama alivyoyasema mlangoni. Pembe ya juu imekuwa nyeusi kwa vidole vya watu.